Alama ya Fundi Gathogo

Siku tuliyomzika Fundi Gathogo kule Dagoretti, mwanamume mmoja aliyeketi kando yangu wakati wa chakula alivua saa yake ya mkono, akaigeuza, akanisukumia mbele ya sahani yangu ya wali. "Ona hii," akaniambia. "Korongo. Iliundwa hapa hapa Nairobi, na marehemu mwenyewe. Ukifungua nyuma unapata alama yake. Siku hizi watu kama hao wako wapi?" Nilikuwa na mfupa wa ng'ombe mdomoni na niliushukuru mfupa huo, maana ulinipa sababu ya kunyamaza. Mwaka wa elfu mbili na sita nilifanya kazi meza moja na marehemu, na katika umati ule wote uliokuja kumlilia, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kuna saa chungu nzima zenye alama yake ambayo mkono wake haukuikwaruza. Kama ya huyo jamaa ilikuwa ya kweli au ya uongo sikujua, na sikutaka kuifungua nijue. Akazidi kuniuliza kama naona inavyong'aa, kama naelewa maana ya mtu kuvaa kitu cha nyumbani, mpaka nikamwambia airudishe mkononi kabla haijaingia mchuzi. Akaona nina madharau, akamgeukia jirani yake wa upande wa pili na kuanza kumwonyesha yeye.

Niseme mapema ili mtu asinisome kwa matumaini: sizipendi saa za Korongo. Siwapendi waliozisifu bila kuzivaa, na waliozitukana bila kuzifungua siwapendi hata kidogo. Mwaka ule nilisikia maoni ya kila namna juu ya thamani ya saa iliyounganishwa nchini, kuanzia kwa mawakili hadi kwa wauza soksi, na ni nadra niliposikia neno kutoka kwa mtu aliyejua ndani ya saa kuna nini. Kwetu ni wapi, nilifikaje Nairobi, nani alinilipia karo, hayo hayahusu hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, najua kubadilisha betri, kukata mikanda na kusafisha mashine ya saa bila kupoteza hata skrubu moja, na nilitaka kitu kimoja tu, kuitwa fundi. Si msichana wa saa, si msaidizi. Fundi. Mtu mmoja tu ndiye ambaye neno hilo likitoka kinywani mwake lingekuwa na uzito, na mtu huyo hakuwa na haraka yoyote.

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo moja la nyuma ya barabara ya Luthuli, juu ya maduka ya redio na hoteli ya chipsi. Chumba kimoja, madirisha mawili yaliyobandikwa magazeti ili vumbi lisiingie, meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, taa mbili za shingo ndefu, na kwenye kona karai la maji. Harufu ya mafuta ya chipsi ilipanda ngazi kuanzia saa tatu asubuhi na ikakaa nasi mpaka jioni. Mpaka leo nikiisikia popote vidole vyangu hutafuta kibano. Mwenye kampuni alikuwa Mwenda, mwanamume wa suti za kijivu aliyeishi Lavington na aliyependa kuitwa Mkurugenzi. Tulimwita hivyo usoni, na mengine tukamwita akishatoka. Wazo lake lilikuwa saa ya Kenya kwa Mkenya, na juu ya kila kisanduku aliandika kwa herufi za dhahabu kwamba saa imeundwa na fundi wa nyumbani. Haya, tuone. Mashine ya ndani ilitoka ng'ambo katika vijikebe vya bati. Ganda la chuma na kioo vilitoka huko huko. Uso wenye picha ya korongo ulichapishwa Industrial Area, na korongo mwenyewe alionekana kama kuku aliyenyeshewa. Ukanda ulikuwa wetu kweli, wa ngozi ya Dagoretti. Kilichobaki cha Kenya kilikuwa mikono miwili ya Fundi Gathogo na miwili yangu, basi.

Fundi Gathogo alikuwa ametengeneza saa Kenyatta Market kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kibanda chenye upana wa mlango, kati ya wachoma nyama na akina mama wa kusuka nywele, na hata alipoajiriwa mjini bado alikifungua kila Jumamosi. Mkurugenzi hakumwajiri kwa sababu ya mikono yake, alimwajiri kwa sababu ya alama yake. Mafundi wa saa tuliowajua walikuwa na desturi ambayo wenye saa wengi hawaijui. Fundi akifungua saa, kabla ya kuifunga huchukua sindano akakwaruza alama yake upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, pamoja na mwezi na mwaka. Atakayeifungua baadaye ataona nani alipita humo na lini, na kama kazi ilikuwa mbovu atajua wa kumtukana. Alama ya Fundi Gathogo ilikuwa herufi G yenye mstari mfupi chini yake. Nimewaona mafundi wa River Road wakifungua saa wasiyoijua, wakaiona ile G, wakaweka betri mpya na kufunga bila kuchokora kitu kingine, kwa sababu kama yeye amepita humo hakuna cha kutafuta. "Ukikwaruza umeapa," alikuwa akiniambia. "Mdomo inaweza ruka maneno yake. Hiyo chuma hairuki."

Na alifanya kazi kama mtu aliyeapa. Kila saa aliyoifunga aliitumbukiza kwenye karai, tena si katika maji baridi. Aliyachemsha kwa birika la umeme, akayapooza kidogo tu, mpaka mkono uyavumilie kwa shida. Siku moja Mkurugenzi alisimama mlangoni akacheka. "Fundi, kwani kuna mtu anaoga na saa?" Fundi hakuinua kichwa. "Watu wangu ni wachinjaji," akajibu. "Hao wanaosha mkono na maji moto mpaka hapa," akaonyesha kiwiko. "Maji baridi si kitu. Mvuke ndio mwizi." Kwa hiyo ile pete ya mpira inayoziba mfuniko aliipaka mafuta kidogo sana kwa ncha ya unyoya wa kuku, akailaza kwenye mfereji wake polepole, na hakufunga zaidi ya saa nane kwa siku. Mimi nilipachika mishale, nikashona mikanda, nikampangia mashine mbele yake, kisha nikaketi kumtazama akikwaruza G juu ya kazi ambayo nusu yake ilikuwa yangu.

Mwezi wa tano nilimuuliza. Tulikuwa tumebaki wawili, mvua inapiga mabati ya jirani, na nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu tangu asubuhi. "Fundi, na mimi nitaweka yangu lini?" Akasema, "Bado." Nikasema, "Bado mpaka lini?" Akaivua lenzi jichoni, akasema, "Wewe Nafula, mkono yako ni mzuri lakini iko na haraka. Siku utafungua saa yenye umefunga mwenyewe, baada ya mwaka, na usisikie aibu, siku hiyo utaweka." Lakini nitafungaje mwenyewe kama kufunga ni kwako? Hilo sikulisema. Nilimheshimu mzee yule kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha kitu, na kuanzia siku ile nilikuwa na kinyongo naye pia, na sioni haja ya kuficha la kwanza wala la pili.

Mchana tulishuka kula chapati na maharagwe katika hoteli ya chini, na humo ndimo nilimosikia nchi nzima ikijadiliana. Wauza redio walikuwa wamegundua tunachofanya juu, na kila Fundi alipoketi lazima mmoja angeanza. "Hiyo saa ni ya hapa? Wacha zako. Hiyo mvua ikikunyeshea mara moja imekufa." Mwingine angeruka kumtetea Fundi, na huyo ndiye aliyenichoma zaidi. "Ni nyinyi mnaangusha hii nchi, mnapenda tu vitu za wenyewe. Mcheza kwao hutunzwa, buda." Wa kwanza akamwambia, "Basi nunua wewe." Naye, bila aibu, akatoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. "Mimi saa ya nini? Niko na simu." Ndiye mzalendo wetu huyo. Nikawaambia wote wawili kwamba hakuna aliyewahi kuishika Korongo mkononi, na kwamba ningetaka kujua ni kwa kipimo gani wanapima. "Huyu dem ni mkali," akasema mzalendo, "anakulanga pilipili?" Wakacheka, na Fundi akaendelea kuloweka chapati yake kwenye mchuzi kana kwamba wanazungumzia mvua ya Turkana.

Lavington ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu huko walitupikia. Jumapili moja ya mwezi wa sita Mkurugenzi aliwaalika rafiki zake nyumbani, na sisi tukaalikwa kuonyeshwa. Askari wa lango alituandika jina kwenye daftari lake, mtunza bustani akatuelekeza verandani, na huko tukakuta meza ndogo yenye kitambaa cheupe, zana zetu zimepangwa juu yake kama vijiko vya harusi. Fundi alikuwa amevaa koti na tai ya kanisa. Wageni walikuja wakiwa na glasi mkononi, wakatuinamia. Mama mmoja wa bangili nyingi akauliza, "So nyinyi ndio mnatengeneza? Na zinafanya kazi?" Bwana mmoja akamkata Mkurugenzi kauli: "Mwenda, sema ukweli, mashine ni ya wapi?" Mkurugenzi akasema mashine si hoja, akachukua mfuniko uliokuwa mbele ya Fundi, akaupitisha kwa wageni mkono kwa mkono ili waione ile G. "Hii ndio inafanya iwe ya Kenya," akawaambia. Mama wa bangili akapitisha ukucha juu yake, akasema ni nzuri kwa zawadi, unampa mfanyakazi anayestaafu, au mgeni kutoka nje. Wote wakakubaliana kwamba kwa zawadi inafaa sana. Hakuna aliyenunua ya kuvaa.

Chakula chetu kilipakuliwa jikoni, pilau ya nyama na kachumbari katika sahani za bati, pamoja na msichana wa kazi ambaye alituongeza mara mbili bila kuulizwa. Dirisha la jikoni lilipakana na veranda. Nikasikia sauti ya yule bwana wa mashine: "Na wewe mbona huvai hiyo Korongo yako?" Mkurugenzi akajibu, "Mimi? Mimi navaa saa." Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu, na nilikitazama kikiingia katika uso wa Fundi, nikaona hakimfanyi kitu. Akamaliza pilau, akamshukuru msichana wa kazi, akafuta midomo. Njiani tukiteremka kwa miguu kuelekea barabara kuu nilikuwa na hasira, tena hasira juu yake yeye. Nikamuuliza kama hakusikia. "Nilisikia," akasema. "Hiyo saa yake itasimama siku moja kama saa zote. Itafunguliwa na nani?" Sikuridhika. Nilitaka aikunje ile tai airushe juu ya ukuta, lakini yeye alikuwa anatafuta mahali pa kununua muhindi wa kuchoma.

Mwezi wa saba macho yake yalianza kumwacha. Alipapasa meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake, akasogeza taa karibu mpaka ikamchoma nyusi. Mtoto wa jicho, daktari alimwambia, macho yote mawili, na yafanyiwe upasuaji moja baada ya jingine. Angekaa nyumbani miezi miwili. Siku ya kuondoka, mwisho wa mwezi, alinikabidhi ufunguo wa droo na kunipa amri moja. "Panga mashine, pachika mishale, shona ukanda. Lakini usifunge hata moja. Nitakuja kufunga mwenyewe." Nikasema ndiyo, Fundi.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alipanda ngazi na vijana wawili waliobeba makatoni. Chama kimoja cha wafanyabiashara wa nyama kule Dagoretti kilikuwa kimeagiza saa mia moja na hamsini za kuwapa wanachama wake, na walikuwa wameagiza kwa sababu ya Fundi Gathogo, jirani yao, mtu aliyewatengenezea saa tangu ujana wao. Nilifungua katoni. Ndani hamkuwa na vijikebe vya mashine. Mlikuwa na saa nzima, zimefungwa, zinatembea, na usoni korongo mzuri ajabu, manyoya ya kichwa unaweza kuyahesabu. "Hizi zimeshaundwa," nikasema. Mkurugenzi akaketi kwenye kiti cha Fundi. "Bado hazijakuwa za Kenya," akasema. "Badilisha ukanda, fungua nyuma, weka alama, funga." Nikamuuliza alama ya nani, nikiwa mjinga kiasi cha kudhani huenda siku yangu imefika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Kwani wachinjaji wanamjua Nafula? Weka ya mzee. Na weka mwezi wa saba, mwezi wa saba alikuwa hapa."

Ningeweza kusema Mkurugenzi alinilazimisha, na kwa miaka kadhaa nilijisimulia hivyo. Uongo. Hakunishika mkono, na hakunitishia kazi. Alisema tu, akaenda zake kula mchana. Niliichukua ile sindano, nikajaribu G kwenye kifuniko cha kopo la mafuta mara kumi na mbili mpaka mstari wa chini ukakaa sawa. Ya kwanza ilinichukua nusu saa, nikitazama mlango kama mtu anayeiba. Mchovya asali hachovyi mara moja. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nafungua, nakwaruza, nafunga, bila kufikiri, na niseme jambo linaloniuma kuliko yote: nilifurahi. Kwa kila "bado" aliyoniambia nilimwekea G yake, na hakuna jicho duniani ambalo lingeweza kuitofautisha na ya kwake. Mafuta sikupaka. Unyoya ulikuwa kwenye droo, sikuutoa. Karai lilikauka. Nilijiambia hizi ni saa za kiwandani, zimezibwa kwa mashine kubwa kuliko chumba hiki, hazihitaji unyoya wa kuku. Na hilo lilikuwa kweli mpaka pale nilipozifungua. Nimesikia wataalamu wakibishana redioni kuhusu thamani inayoongezwa bidhaa ikiunganishwa nyumbani, na kila mara nacheka peke yangu. Zile saa zilikuja zikiwa nzima. Tulichoongeza sisi ni uongo upande wa ndani na njia ya mvuke kuingia.

Fundi alirudi mwezi wa kumi, mikono nyuma, anatazama kila kitu kama mgeni. "Kumbe hii ukuta ni ya kijani," akasema. Shehena ya Dagoretti ilikuwa imekwisha kupelekwa na ilikuwa imebaki saa moja kwenye rafu. Akaichukua, akaisogeza dirishani, akatabasamu. "Na huyu ndege ni mzuri hivi? Mwaka mzima nimemwita kuku." Alidhani ni macho mapya. Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kumlaki, alicheka upesi na kwa sauti kubwa, akamwambia wachinjaji walipewa zile alizozifunga mwenyewe mwezi wa saba, kisha akamuuliza habari za nyumbani. Nami nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa naye kibandani Kenyatta Market, nikimsaidia, alipokuja Njuguna, mchinjaji wa kile chama cha Dagoretti, mwanamume mnene wa sauti ya upole. Alisalimia, akaulizia macho, akasifu Mungu, kisha akatoa leso mfukoni akaifungua juu ya kaunta. Saa saba za Korongo, zote zimefanya ukungu ndani ya kioo. "Fundi, mimi sikuja kugombana," akasema. "Lakini hizi saa zako zimeniaibisha. Mimi ndiye nilisimama kwa mkutano nikawaambia watu wanunue kwako. Tuligawana juzi tu, nimeosha mkono kama siku zote, hata wiki haijaisha, ona." Fundi akaweka lenzi jichoni, akafungua ya kwanza. Mpira ulikuwa umebanwa upande mmoja, umekatika, mkavu. Akafungua ya pili. Ya tatu. Kwa jirani walikuwa wakikatakata nyama kwenye ubao, upande wa pili akina mama wakicheka habari ya bwana harusi fulani, na mimi nilihesabu pumzi zangu. Aligeuza mfuniko wa saba kwenye mwangaza akausoma kwa jicho lake jipya.

"Ni mimi," akasema. "Mwezi wa saba. Macho ilikuwa imeenda na sikusema. Nilikuwa nafunga kama kipofu." Akavua lenzi. "Njuguna, nisamehe." Njuguna aliona haya kuliko yeye. "Aah, Fundi, wacha hayo. Ni uzee tu, hata sisi tutafika." Nilimwona Fundi akilipokea neno hilo, uzee, kama mtu anayepokea barua aliyokuwa akiingojea. Kinywa changu kilifunguka. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, fupi, ya maneno matatu: si wewe, Fundi. Lakini nilijua kwamba nikiitoa hataniita fundi mpaka nife, na haki yake kabisa. "Fundi," nikasema. Akanigeukia. "Nini?" Nikasema, "Nikuchemshie maji?" Akasema, "Chemsha."

Alimwambia Njuguna azilete zote, zilizoharibika na ambazo bado. Kwa wiki tatu tulizifungua hapo kibandani, jioni baada ya kazi na Jumamosi kutwa, mimi nikifungua na yeye akiweka mipira mipya, mafuta, unyoya, maji moto. Hakuchukua hata senti. Wachinjaji waliokuja kuchukua saa zao walimpa pole, na zile pole zilimnyong'onyeza kuliko matusi. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kule kwa wachoma nyama: "Mzee alikuwa mzuri, lakini sasa mkono imekwisha." Nilimfuata yule mtu mpaka mezani pake nikamtukana mbele ya nyama yake, nikamwambia mkono wa mzee ni mzuri kuliko kichwa chake, na watu wakaniuliza mimi ni nani wa mzee. Nikarudi kibandani kufungua nyingine. Mkurugenzi alifunga karakana mwaka uliofuata akaingia biashara ya vigae vya sakafu, na sijapata kusikia kwamba alipoteza usingizi. Fundi Gathogo hakungoja karakana ifungwe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapanda sukuma wiki na ndizi nyuma ya nyumba yake, macho yake mazima kabisa, na hakufungua saa nyingine mpaka tukamzika. Mazishini mchungaji alisema marehemu alikuwa mnyenyekevu, alijua wakati wake wa kuacha. Watu wakasema amina, nami nikatazama viatu vyangu.

Saa ya mwisho ya zile mia moja na hamsini tuliitengeneza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule ule. Fundi aliweka mpira, akanisukumia saa na mfuniko wake, kisha akachukua ile sindano ya kukwaruzia, akaipangusa kwa koti lake, akanipa. "Weka yako," akasema. Nikamwambia mwaka haujaisha, na kwamba mkono wangu bado una haraka. Nilimwambia hayo nikitumaini atakubali. "Yangu imeharibika," akasema. "Watu wakifungua saa sasa waone mtu mwingine. Weka, mama, usiogope." Nikaushika mfuniko. Ile G ilikuwa pale na mwezi wake wa saba, nilikumbuka hata siku niliyoichora, ilikuwa Alhamisi na nilikuwa nimekula chipsi. Chini yake nikakwaruza N, na chini ya N mstari mfupi, kwa sababu ndivyo mkono wangu ulivyokwisha kuzoea.

Alinipokonya mfuniko kwa shauku, akaweka lenzi jichoni. Akatazama N. Akarudi kwenye G. Akarudi tena kwenye N, akasogea karibu na taa. Nikajua amejua, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Alipovua lenzi macho yake yalikuwa yamelowa. "Angalia," akasema. "Hata mstari unaweka kama mimi. Huwezi jua ni watu wawili. Basi sikupoteza wakati na wewe." Akaniwekea saa mbele yangu, pamoja na unyoya na mafuta. "Haya, Fundi," akaniambia. "Funga."

Nikafunga.